Kipimajoto cha Matano

Bergen, Norwei
Tarehe 9 Novemba, 2025
Mwaka wa thelathini na sita tangu nitoke Mkongani

Mdogo wangu Jumwa,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia, ingawa ulimpa Matano aiandike kwa simu naye akaifupisha kama vijana wanavyofupisha kila kitu. Nimefurahi kusikia kwamba goti limepunguza maumivu na mihogo imeshika, japo mvua za vuli zimekuja kwa uchoyo. Hapa kwetu (naandika "kwetu" na mkono unasita) mvua haijui uchoyo. Inanyesha tangu Septemba. Majirani hawajambo? Mimi namshukuru Mungu. Habari zangu nyingine utazikuta mbele.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza, nami nikikatizwa hukubali kila unachosema. Ndivyo nilivyokubali kuja Desemba.

Nianze na kifaa cha mwanao. Matano alinieleza yaliyompata kule ufukweni Galu: kwamba mpishi mkuu wa hoteli alipasua paja la mbuzi ambalo Matano alilibanika kwa moshi kutwa nzima, akakuta damu karibu na mfupa, akamrudishia nyama yote mbele ya walinzi na kumwambia asionekane tena pale mpaka aweze kumwonyesha joto la ndani. Akaniomba nimchagulie kipimajoto kisicho na waya. Nawe ukadakia kwa nyuma kwamba kijana anataka mashine imlindie moto ili yeye akalale, na kwamba marehemu baba alichoma kisu katikati ya paja, akakigusisha mdomoni, akajua. Kweli, alijua. Lakini baba hakuwa akiuzia hoteli, na sisi tuliokula hatukuthubutu kurudisha.

Nimefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kukaushia samaki kwa moshi, kwa hiyo sikuingia dukani kama mgeni. Muuzaji alinisifia kwanza kile kilicho sindano tupu, kinachopeleka habari kwenye simu. Kinapendeza kama kito. Nilikiacha. Betri yake imo ndani ya sindano yenyewe, na pipa analobanikia Matano huruka miali mafuta yanapodondoka. Joto likizidi kiasi, kinakufa. Tena kinategemea simu, na simu ya Matano naijua, hukata katikati ya salamu. Nilichochagua kina sindano mbili. Nyaya zake fupi za chuma zinatoka nje ya pipa hadi kwenye kisanduku, na kisanduku ndicho kinachotuma habari hewani kwa kipokezi cha mkononi. Sindano moja ni ya nyama, ya pili hupima hewa ndani ya pipa. Betri zake ni za kawaida, atazipata duka lolote Kona ya Musa.

Mwambie aiingize sindano penye unene, isiguse mfupa. Mfupa hupata moto kwa namna yake, utamdanganya. Kabla ya yote aijaribu katika maji yanayochemka, isome nyuzi mia. Asitoe paja chini ya nyuzi sabini na tano, na akitaka nyama ijiachie yenyewe, angoje ipite tisini.

Nilikijaribu mwenyewe kabla ya kukifunga. Nilinunua paja la kondoo, maana mbuzi hapa ni wa kutafuta, nikalitia kwenye oveni, nikaenda kulala na kipokezi kifuani. Kutoka jikoni hadi kitandani, kuta mbili katikati, hakikupoteza habari hata mara moja. Kilipolia ilinichukua muda kuinuka, na nilipofika nyama ilikuwa imekwisha kukauka. Hilo si kosa la kifaa.

Jumwa, sasa nisikilize. Daktari ameniambia moyo wangu hausukumi damu inavyotakiwa, na amenikataza kupanda ndege. Nilimwuliza kama ni kwa mwaka huu tu. Aliniangalia kwa upole, akaanza kunieleza habari za dawa. Nilielewa. Hili nalijua tangu Agosti, kabla hujaniambia kwamba umemfunga beberu wa Desemba, na kwamba nyama ya kwanza kupimwa na kifaa hiki itakuwa ya karamu yangu. Nilikwenda dukani nikilijua, na nikachagua kwa makini vilevile.

Najua mnavyofanya kila mkichinja. Katika nyumba yetu aliye safarini hukatiwa fungu lake, likatundikwa uchagani juu ya mafiga, moshi ulitunze mpaka arudi. Mkichinja tena, la zamani wanapewa watoto, jipya linapanda. Hata ulipojenga nyumba ya mabati ulibakiza jiko la udongo kwa ajili ya uchaga huo, na Matano aliwahi kunitania kwamba mjomba anayemjua yeye ni kipande cheusi cha nyama kisichojibu salamu. Fungu huteremshwa bila jingine kupanda kwa mambo mawili tu: mwenyewe akifika, au habari za kifo chake zikifika. Ndiyo maana kila mwaka nilisema mwakani. Nilitaka kubaki pale juu.

Mchinjeni beberu hata hivyo. Matano ajifunzie kifaa kwa nyama yake, kisha ampelekee yule mpishi paja, amwonyeshe. Lakini mimi usinikatie, na lile lililopo uliteremshe. Litakuwa gumu, lichemshe kwanza, ndipo ulitie tui zito, mlile wote siku hiyohiyo. Najua utasema meli zipo. Zipo, Jumwa, ila si za mtu kama mimi.

Mwambie Matano betri hazimo ndani ya kifaa. Nimezifunga kando zisije zikavuja njiani. Nisalimie wote wanaoniuliza, na wale walioacha kuniuliza. Goti lako ulikande kwa maji ya moto kila jioni.

Sitarudi.

Kaka yako,
Mwero Garama