Kitambulisho Kwenye Mfuko wa Shati Yako

Barabara ya Dundori,
Nakuru.
14 Aprili 2008

Mpendwa mwanangu Kiprugut,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Unakula? Unalala? Hiyo baridi ya Australia umeivalia sweta? Sisi hapa tunapumua. Mvua imeanza, na goti langu ni lile lile.

Barua hii nimeandika mwenyewe, sikumpa dada yako Linah. Herufi zikipinda, vumilia.

Mke wako Chepkemoi ameniambia kwa simu ati tangu Pasaka hujasimama madhabahuni. Unasema ni wewe ulimuua mwalimu Obura, kwa sababu uliniambia nimvalishe shati yako ya zambarau apite kwa wale vijana waliokuwa wanasaka Wajaluo baada ya uchaguzi, mpaka kwa polisi. Hapana, baba.

Huyo mzee alikufundisha kusoma ukichunga ng'ombe za watu, akakusukuma mpaka chuo cha ukasisi. Wazungu walipokufanya askofu, alizunguka hapa akijiita baba ya askofu. Tulimcheka sana. Ushauri wako ulikuwa mzuri. Sikia vile ilienda.

Linah aliona yote, alikuwa amejificha nyuma ya ua. Vijana walikuwa wamefunga barabara na gogo. Kuona kola na zambarau, wakavua kofia. "Baba Askofu, tubariki!" Akawabariki. Wakavuta gogo. Alikuwa amepita, Kiprugut. Amepita kabisa.

Ndio mmoja akamwita, "Mzee, na hapo kifuani umebeba nini? Sadaka?" Wakafungua mfuko, wakatoa kitambulisho. Huyo mmoja akasoma kwa nguvu hilo jina la Kijaluo, "Obura! Kumbe ni Askofu Obura!" Walicheka mpaka wakashikana. Wakamwambia abariki tena. Aliinua mkono, wakaanzia huo mkono na panga.

Kitambulisho alikuwa ameisahau kwa meza yangu. Ni mimi nilimkimbilia mpaka kwa geti. Nikamwambia, mwalimu, polisi watataka hii. Nikaitia kwa mfuko, nikafunga kifungo isianguke, vile nilikuwa nakufungia ukienda shule. Akasema, "Haya mama Kiprugut, wewe ndio mkubwa."

Linah hajui hiyo ya geti. Sasa unajua wewe. Jumapili usimame.

Msalimie Chepkemoi na watoto. Kaka yako Weldon anakusalimu. Mama Obura, mjane wa mwalimu, pia, yuko kwao Siaya. Kila akipiga simu ananishukuru ati tulimvalisha mzee wake vizuri.

Mungu akuinue. Mimi usiniombee kwanza, simama tu.

Ni mama yako anayekupenda,
Chelagat