Mbegu Uliyomtumia Mama

Alfred mdogo wangu,

Ndaga fijo, asante sana, kwa picha ya mtoto; amechukua pua ya marehemu baba. Huku Masukulu mvua haikatiki na migomba imeelemewa na mikungu.

Mama anakula vizuri. Ila yale mahindi ya mbegu uliyomtumia kutoka Afrika Kusini aliyapanda katikati ya shamba, akisema zawadi ya mwanawe haipandwi pembeni. Yakachavusha ya majirani. Kampuni ya uji wa watoto ninayoiuzia unga wa kikundi cha mama na majirani ilikuja kupima mahindi. Kijana wao akasaga punje, akachovya kikaratasi. "Mistari miwili."

"Nani ana mimba?" mama akauliza. Wanawake wakacheka mpaka kijana alipoeleza kuwa yamechanganyika na mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, nao hawayapokei. Tani sita zikarudi. Mashine yangu ya kusaga, niliyoipata kwa kuuza karanga kwa kopo, imesimama.

Ile mbegu ya bibi, ambayo mama huining'iniza juu ya moshi jikoni kila mavuno, nayo imechanganyika. Aliishusha mwenyewe akaichoma.

Wanakikundi walipomuuliza chanzo, alijibu, "Niliinunua mnadani." Wamemtoa kikundini. Hata kanisani hawakai benchi lake.

Amenikataza kukuambia, kwa kuwa ulituma kwa upendo. Najua, Alfred. Lakini njoo uwaambie wewe. Mimi nikisema, nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya wenzake, na hatanisamehe.

Dada yako,
Esnath