Neno Nililomwandikia Bwana Sweeney

Jumatatu, 6 Machi

Neno la wiki: combative. Nimelipata kwa dada Guerda, aliyeanza kazi katika nyumba hii ya wazee wakati mimi bado niko kwetu Jacmel nacheza kombolela. Maana yake mtu mwenye kupigapiga, anayepambana na anayemhudumia. Nimelitamka mbele ya kioo mara kumi. Zuri! Lina uzito. Si kama yale maneno yangu ya kitoto — mzuri, mbaya, mgonjwa.

Na leo hii hii nimelitumia. Asubuhi nilikuwa na wazee wanane wa kuwasafisha kabla ya chai, mwenzetu mmoja kakwama kwenye theluji. Nikaingia kwa Bwana Sweeney mbio mbio, kitambaa cha moto mkononi, nikampangusa uso. Pa! Akanipiga mkono, kitambaa kikaruka hadi dirishani. Hata hakuniumiza. Nilichukia tu. Kwenye skrini ya ukutani, pale pa kuandika tabia ya mzee, nikaliweka lile neno, herufi zote sahihi. Guerda kapita, kasoma, kasema sasa naandika kama nesi. Nimerudi nyumbani naimba. Nimepika wali na maharage, na pikliz, achari yetu ya kabichi na pilipili ya kuunguza ulimi.

Jumatano, 8 Machi

Jana sikuwa na zamu. Leo Bwana Sweeney ametulia tuli. Miaka arobaini alikata ngozi za viatu kwenye viwanda vya hapa Brockton, kwa hiyo anakutazama miguu kabla ya uso. "Mirlande, kisigino cha kushoto kimekwisha. Unatembea kama bata!" Nikamwambia bata ndiye anayemsukuma, ashike adabu. Akacheka mpaka akakohoa.

Nikampeleka chumba cha kumi na nne kwa mkewe, Bi Noreen. Huyu hasemi tena. Kila asubuhi mumewe anampakia mkate siagi, anaukata vipande vinne, anamlisha. Kwa mkono wa mtu mwingine mama wa watu hafungui mdomo, ng'o! Tumejaribu sote.

Halafu nimefungua skrini. Combative, combative, combative... zamu tano baada ya yangu! Nikamuuliza Guerda, kampiga nani tena? Hakumpiga mtu. Kuna kitufe cha kurudia yaliyoandikwa zamu iliyopita, na sote tunakibonyeza, maana wazee wengi na mikono miwili. Mimi mwenyewe nimekibonyeza mara ngapi! Guerda anasema niache kujisumbua, nani anasoma mambo yale.

Alhamisi, 9 Machi

Wanasoma.

Nesi mkuu, Bi Deirdre, katutangazia asubuhi. Neno lile limejirudia mno, kwa hiyo Bwana Sweeney anajadiliwa kupelekwa ghorofa ya tatu, wanakofungiwa wazee wagomvi, kwenye mlango wa namba za siri. Kikao Jumatatu. Binti yake, Maura, ameshaitwa. Nikauliza, na Bi Noreen? Anabaki huku chini. Nani atamlisha? Tutaona, kasema. Tutaona!

Juu ya kitanda chake pana kadi ya njano, naijua kichwani: sikio la kushoto halisikii, jicho la kushoto halioni, ingia kwa kulia, sema kwanza. Jumatatu niliingia kwa kushoto. Na sikusema kitu! Nilimvamia mzee wa watu kwa kitambaa cha moto bila hodi. Ningekuwa mimi ningeng'ata.

Siku zangu tisini za majaribio zinaisha tarehe ishirini na nne. Asiyefuata kadi anaonyeshwa mlango. Nimeshaona wawili wakiondoka.

Jumamosi, 11 Machi

Darasa la Kiingereza, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Mwalimu wetu Bi Lorna alitaka kila mtu atumie neno lake kwenye sentensi. Nikasoma: Bwana Sweeney ni combative. Akauliza, kwani alifanya nini hasa? Nikaeleza kwa mikono na kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Akasema maana nimeipata barabara. Ila neno la namna ile halielezi mtu alichofanya, linaeleza alivyo, na akishaandikwa alivyo kila anayeingia chumbani kwake anakuja amekunja ngumi. Andika alichofanya, akasema. Na ulichofanya wewe.

Na nilichofanya mimi! Hapo ndipo penye kazi.

Nimempigia Guerda. "Mdogo wangu, una wazimu? Funga mdomo wako! Mama yako kule Jacmel atakula huo ukweli?" Nikamkatia simu. Baadaye nikampigia tena nikaomba radhi. Anaogopa, naye kabonyeza kitufe.

Jumapili, 12 Machi

Sikwenda misa. Nimeandika sentensi tatu, nimezifuta, nimeziandika upya.

Jumatatu, 13 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba cha kikao. Nimesema! Bi Deirdre, Maura na daktari, wote wananitazama. Nikasoma: Niliingia kwa kushoto. Sikusema neno. Nilimgusa uso, akaupiga mkono wangu. Nikaongeza kwamba tangu siku ile hajampiga mtu, ni kitufe tu. Maura alijiziba mdomo. Bi Deirdre hakunikemea — heri angenikemea — alisema suala langu litazungumzwa baadaye, peke yake.

Kisha akasema, kumbe mzee aliogopa tu. Akalifuta lile neno kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. Nikashusha pumzi! Akaanza kuandika jingine: anxious. Mwenye wasiwasi. Hilo nalijua, na kidonge chake nakijua. Cheupe. Bi Alma wa chumba cha tisa anakimeza, halafu analala na kijiko mkononi. Akimeza Bwana Sweeney, mkate ataukata nani?

Sijui nilipata wapi kifua. Nikasema, tafadhali, hilo pia usiandike! Aliogopa mara moja, kwa sababu yangu mimi. Kalamu ikasimama. Wakaniambia nisubiri nje.

Nimesikia Maura akipaza sauti, sasa kimya. Saa tatu imepita, chai ya Bi Noreen inapoa. Bwana Sweeney yuko hapa kwenye kiti chake cha magurudumu, nimekaa kuliani kwake. Amenitazama viatu, safari hii hakutania. Ameuliza, "Wanasemaje humo ndani? Mimi nikoje?"

Najifanya naandika. Ameuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, anadhani sikumsikia.