Jicho la Msumeno

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na karakana inanguruma. Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa kukodolea kompyuta.

Umeniomba nikueleze tena kazi yangu, maana wateja wanakuuliza na wewe unawajibu uongo. Ni hivi. Kompaila ni programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Mpaka sasa kompaila yetu ilitaka kila kitu kiandikwe mahali pamoja, kama chumba kimoja cha kulala, kupikia na kuogea. Mimi naiongezea moduli: vyumba mbalimbali, kila kimoja na mlango wake, na mwenye chumba ndiye anayeamua kipi kitoke nje. Bado ni za majaribio, anayezitaka huziwasha mwenyewe. Msumeno wa umeme niliokufungia likizo iliyopita ndio wa kwanza kuzitumia kazini.

Bosi anataka barua ya fundi anayezitumia. Akiridhika nayo, mkataba wangu utaongezwa.

Mpwa wako

12 Februari

Mpwa wangu, mama mwenye vyumba,

Marahaba, tena mara mbili. Mgongo umeniacha, nadhani umechoka kunisikiliza. Wewe osha macho kwa maji baridi na ulale mapema.

Mimi nimekata mbao katika nchi nne. Nimekaa melini wiki sita nikiwafundisha mabaharia kutengeneza vitanda vyao wenyewe. Msumeno kama huu sijauona. Ukisogeza mkono, lile jicho la kamera ulilolifunga linauona, chuma kinanyamaza kabla hujameza mate. Wateja nawaonyesha kwa karoti. Naisogeza, msumeno kimya, mteja anaagiza meza mbili ambazo hakuzihitaji. Kisha karoti naila.

Kuhusu vyumba vyako, usinifundishe. Nilimtengenezea mwalimu mkuu kabati la droo kumi na mbili, kila droo na ufunguo wake, na mpaka leo anatafuta soksi zake. Moduli nilianzisha mimi, nyinyi mmeongeza umeme tu.

Barua ya bosi ipo jikoni, inaiva.

Mjomba wako, Fundi wa Mafundi

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo na mgongo wako? Barua yako nimeisomea ofisini, nikacheka mpaka mwenzangu akaniletea maji.

Humu ndani kuna flashi yenye toleo jipya la programu ya msumeno. Hatua nimeziandika kwenye karatasi: chomeka, bonyeza, subiri taa ya kijani. Programu itakuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa nimeiagiza kompaila itupe nje moduli yoyote ambayo hakuna nyingine inayoiita ifanye kazi. Chumba kisichoingiwa na mtu cha nini?

Barua ya bosi isipofika wiki ya kwanza ya Machi, sina kazi.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima sote. Vumilia mwandiko, kalamu mbovu.

Flashi nimeichomeka mwenyewe, taa ya kijani imewaka. Barua ya bosi ndiyo hii, msomee kwa sauti nene: “Mimi, fundi wa miaka thelathini na moja, nasema msumeno huu haujanikosea hata siku moja.”

Kazi nyingi. Naishia hapa.

Mjomba wako

11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Siku ya tatu napiga simu, hupokei. Barua hii nimempa dereva wa basi akufikishie mkononi.

Usiwashe msumeno. Tafadhali isome sentensi hiyo mara ya pili.

Bosi aliisoma barua yako akafurahi, na moduli zitatolewa kwa karakana zote zenye msumeno kama wako tarehe 25. Jana nilifungua programu ya msumeno wako nione imepungua kiasi gani. Jicho halimo. Nilitafuta mara nne. Jicho haliitwi na mtu, Mjomba. Linakaa chumbani mwake linatazama tu, hiyo ndiyo kazi yake. Kompaila ikaona hakuna anayeliita, ikalitupa, ikawasha taa ya kijani. Ni mimi niliyeiagiza.

Kisha nikaziweka barua zako mbili pamoja. Hii ya mwisho uliiandika kwa mkono gani?

Mpwa wako

15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa tarehe 26 Februari. Mteja alikuja na mkewe, wakataka kuona maajabu. Karoti nilikuwa nimeshaila. Nikawaambia, kwa nini karoti, nyinyi tazameni mwanamume. Nikapeleka mkono. Nilikuwa nangoja tu chuma kinyamaze. Vidole viwili vya kulia, kidogo na cha pete. Daktari anasema nimeponea chupuchupu, nami nikamwambia hivyo vingine naviweka kwa ajili ya kulia chakula.

Nilidhani nimekosea mimi kuchomeka, shule yangu unaijua. Nikasema, nisimharibie kazi mtoto wa dada yangu kwa ujinga wangu. Nikamwandikia bosi ule uongo.

Sasa naona umeandika karakana zote. Mimi nilihesabu mkono mmoja, wangu. Wengine sikuwafikiria kabisa.

Nimeandika barua nyingine kwa bosi, ina kila kitu, hata karoti. Msomee yote. Mkataba ukikatika, njoo, tutatengeneza vitanda. Na usiniombe radhi, nitakasirika.

Mjomba wako

24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kidonda kinaendeleaje? Nakuja Jumamosi nikione mwenyewe, hata ukikasirika.

Barua yako nimeisoma mkutanoni, nimesimama. Bosi alisema toleo lizuiwe, akatoka. Ya mkataba sijui.

Lakini karakana kumi na moja zilikuwa zimeshachukua lile la majaribio. Tuligawana namba tukawapigia. Wa mwisho aliniangukia mimi. Alipokea mkewe, akasema fundi yupo ndani anakata, ningoje. Nyuma yake nilikuwa nausikia msumeno. Nikamwambia amzuie, mara ukanyamaza. Mjomba, sikujua umenyamaza kwa nini. Nikasikia mlango.

Kisha sauti ya mwanamume: “Nani mwenzangu?”

Nikamwomba anihesabie vidole vyake, kwa sauti. Alicheka kwanza, akadhani mzaha. Kisha akahesabu, kimoja kimoja, na mimi nimeshika meza, mpaka kumi.

Mpwa wako