Kalia Mikono Yako

Jumatatu, 4 Machi

Nimeandikishwa kozi bila kuulizwa. Shangazi kaniambia asubuhi, amesimama mlangoni, mkoba begani, hata kukaa hakukaa. Kituo cha afya kinawafundisha watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Kila Jumatatu na Alhamisi. Bure, na chai juu.

Bure! Tangu lini Shangazi akanitafutia mimi cha bure?

Nitaandika ninavyoona, hapa hakuna wa kunikatiza. Kwenye kikao cha familia, nilipomaliza mtihani, walikubaliana hivi: Bibi akiweza kusimama na kwenda msalani mwenyewe kabla chuo hakijafunguliwa Aprili, atahamia kwa Shangazi, na mimi nitakwenda kusomea ualimu wa chekechea. Nafasi ninayo tayari. Asipoweza, nabaki naye nyumbani mpaka mwakani. Sasa mtu unayetaka aondoke, unamfundisha kazi ya nini? Mimi naona kamba inasokotwa, na shingo ni yangu.

Bibi alikuwa anasikiliza. Kiharusi kimempinda mdomo na maneno yanamtoka machache, lakini macho ni yaleyale. Nilipomtazama, akayafumba.

Alhamisi, 7 Machi

Kozi yenyewe. Chumba cha kliniki ya watoto, viti vidogo, magoti yametufika kidevuni. Mwalimu ni muuguzi, tunamwita Sista. Ana sauti ya chini na anakutazama mpaka unasahau ulichotaka kusema. Karibu yangu ameketi mzee mmoja anayemuuguza mkewe. Anavaa suruali ya mikanda ya mabegani, kwa hiyo moyoni nimempa jina: Mzee Mikanda.

Sista akasema mmoja wetu awe mgonjwa. Watu wote wakatazama sakafu. Mimi nikatazama sakafu zaidi — basi akanichagua.

Nikalala kitandani. Mzee Mikanda akaja, bila hata salamu akanibiringisha kama gunia. Nilishtuka! Sista akamuuliza, umemwambia unataka kumgeuza? Mzee akasema, “Mke wangu nimekaa naye maisha yote, Sista, niombe ruhusa kama nakodi chumba?” Tulicheka. Lakini mimi sikucheka sana. Kila asubuhi namgeuza Bibi hivyohivyo, kimyakimya.

Mwisho Sista akanivuta pembeni. Unalala vizuri? Mgongo unauma? Nani anakupokea ukichoka? Nikasema sijambo. Kwa nini aniulize mimi peke yangu? Nahisi Shangazi amempigia simu. Wanataka kujua kama nitadumu.

Niliporudi, pazia la chumba cha Bibi lilikuwa limefungwa. Mimi nililiacha wazi. Jirani ndiye huwa ananiangalizia Bibi nikitoka. Nikamuuliza, akasema hakugusa pazia. Hm.

Jumapili, 10 Machi

Kopo la sukari! Lilikuwa rafu ya chini, nyuma ya unga, kwa sababu Bibi amekatazwa sukari. Leo liko mbele na kifuniko kimekaa upande. Jirani tena. Anakuja kumwangalia Bibi au kuangalia sukari yetu? Nilipomwambia Bibi, alikohoa. Alikohoa muda mrefu sana.

Baba alipiga simu kutoka kazini kwake. Anasema nivumilie, mimi ndiye mwenye mkono mwepesi. Kila mtu akitaka kuniachia kazi, ananisifu mkono.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumefundishwa jambo gumu kuliko kubeba. Kutobeba.

Sista kasema sisi tunaouguza tuna ugonjwa wetu: mgonjwa akinyoosha kidole tu, tumeshamletea kikombe, tumeshamnywesha, tumeshamfuta mdomo. Mwisho mkono unasahau kazi. Dawa yake: mkalishe wima, mpe kijiko, kisha kalia mikono yako. Alisema hivyo hasa — weka mikono chini ya mapaja, uikalie, usubiri. Mzee Mikanda akauliza, na uji ukimwagika? Sista akasema, utafua. Mzee akasema, “Kumbe kozi yenyewe ni ya kufua!”

Nimejaribu jioni. Nikamwambia kwanza ninachotaka kufanya, kama nilivyofundishwa. Nikampa kijiko. Nikakalia mikono. Bibi akanitazama kama niliyemtusi. Kijiko kikatetemeka, kikaanguka, uji ukaenda kifuani. Akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na jirani akaingia katikati ya hayo yote. “Heh! Mnalilia nini, uji umekufa?”

Lakini kuna kitu. Kabla hakijaanguka, kijiko kilishikwa vizuri. Kidole gumba juu, vingine chini, imara. Hakikuponyoka. Naona kama kiliachiwa.

Alhamisi, 14 Machi

Lazima niandike hili sasa.

Kituoni maji yalikatika na Sista akaturudisha mapema. Nikapitia mlango wa uani. Viatu nilivua, sakafu nilikuwa nimeipiga deki. Nikafika mlangoni kwa Bibi.

Bibi alikuwa amesimama.

Dirishani! Mkono mmoja kwenye kizingiti, mwingine — ule mbovu! — unavuta pazia, kwa sababu jua lilikuwa linapiga kwenye mto wake wa kulalia. Kisha akageuka, akashika ukingo wa kitanda, akatembea. Polepole, mguu unaburuta, lakini anatembea. Mdomoni anamung'unya kitu. Sukari! Maskini jirani wa watu.

Akaniona. Akaketi taratibu, akavuta shuka, akalala kama ninavyomlazaga mimi, mpaka mkono akaukunja vilevile. Ningeweza kucheka. Nikasema, “Bibi. Tangu lini?”

Akafumba macho.

Nikasema, “Mimi nakubeba kila siku, Bibi. Mgongo wangu unaniuma.” Sijawahi kumpandishia sauti. Leo imepanda yenyewe.

Ndipo akasema. Inamchukua muda, neno moja, anapumzika, neno jingine. Kwa Shangazi hataki. Ghorofa ya nne, madirisha hayafunguki, watu wote wanatoka asubuhi. “Kule,” akasema, “nitakuwa... kabati.”

Nikamuuliza, mbona hukuniambia hata mimi? Akanigusa shavu kwa mkono uleule mbovu. “Uso wako... unasema.”

Ni kweli. Mimi hata nikificha peremende watu wanajua.

Nimekaa jikoni nafikiri. Siku zote namshuku Shangazi, namshuku Sista, namshuku jirani. Anayenizunguka yuko kitandani, nampaka mafuta kila asubuhi. Na bado nampenda. Na bado nataka chuo! Akisimama mbele yao, mimi nakwenda na yeye anakuwa kabati. Akilala, nyumba ni yake na mimi ndiye kitanda.

Au wanajua wote? Au na hilo la kabati ni la kunilainisha?

Ijumaa, 15 Machi

Nimempa kijiko. Amekula wote, tone halikumwagika. Ananitazama muda wote. Sikumsifu. Kesho Sista anakuja nyumbani kuona ninavyofanya, anamtembelea kila mwanafunzi. Shangazi kasema atakuwepo. Bila shaka atakuwepo.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika haraka, birika liko motoni.

Wako sebuleni. Bibi nimemkalisha kwenye kiti chenye mikono, nimemfunga mkanda wa kumnyanyulia kiunoni kama tulivyofundishwa. Sista akanisifu, nikaona aibu. Akamwomba Bibi ajaribu kusimama. Bibi akalegea kama nguo iliyolowa. Hodari! Kama si kumwona Alhamisi, na mimi ningeamini.

Shangazi akapumua kwa nguvu. “Si niliwaambia? Huyu bado. Binti atakaa naye, ameshajua kazi.” Alisema kwa upole, mkono begani kwangu. Upole huo ndio ulionitisha.

Sista akamsogelea Bibi. Alipiga magoti, akashika mashavu ya miguu ya Bibi kwa vidole, huku, halafu huku. Kisha akasema misuli hii haijalala. Akainua macho — hakumtazama Bibi, alinitazama mimi. “Wewe ndiye unayekaa naye. Umewahi kumwona amesimama?”

“Huyo!” Shangazi akacheka. “Huyo hata salamu mpaka umkamue.”

Nilihisi uso wangu unapata moto. Bibi alikuwa ananitazama, Sista ananitazama. Nikasema chai. Hilo tu, “Chai,” nikakimbilia huku.

Nikisema ndiyo, nimemuuza Bibi. Nikisema hapana, nimejiuza. Na nikikaa kimya uso utasema, kama umeshasema.

Maji yanachemka. Shangazi anaita, hiyo chai inalimwa? Sista anaongea chini, siwezi kusikia, nadhani anamuuliza Bibi yeye mwenyewe kitu. Shangazi anamjibia. Anaendelea, anaendelea, ghorofa yake, chumba alichopaka rangi —

Ameacha kuongea katikati ya neno.

Kiti chenye mikono kinakwaruza sakafu.