Jiwe la Nyumba ya Watawa

Jumatatu, 2 Machi 2015
Nimerudi kutoka kazini ghalani, miguu imevimba. Maharage jikoni, kadogo, mtoto mchanga, mgongoni. Binti yangu Neema ameleta kazi ya shule: atengeneze mfano wa jengo la zamani sana. Amechagua lile la Riziki, mdogo wangu aliye Uingereza. Katikati ya mji wake kuna mabaki ya nyumba ya watawa, ya miaka mia saba. Walipokea wagonjwa na wasafiri. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua misingi tu, na kuta za kufika magoti. Riziki anapita hapo akienda kazini.

Neema hajawahi kupenda kitu cha shule namna hii.

Alhamisi, 5 Machi
Theluji. Shule imefungwa, ghala halijafungwa. Jioni tumekanda unga na chumvi, tukajenga kuta. Nilitaka kuweka paa. Neema akakataa. Eti paa lilianguka, tusidanganye.

Alhamisi, 12 Machi
Bahasha ya Riziki. Ndani soksi za kadogo, na jiwe. Limetoka kwenye ukuta wa watawa. Alilikuta limelegea, akalitia mfukoni, zawadi ya Neema. Neema amekula nalo mapajani. Mimi nilifikiria ukuta uliopungua.

Ijumaa, 13 Machi
Nimempigia Riziki. Jiwe linarudi.

Akacheka. "Yaya, dada, ni jiwe moja. Hao wazungu hawatalihesabu."

Nikamuuliza, na nyumba ya kwetu, walianza kwa kubeba mawe mangapi?

Tuliporudi kwetu Fizi baada ya vita, kabla ya kuja huku ugenini, nyumba ya Papa, baba yetu, ilikuwa imeungua. Hiyo tulijua. Lakini majirani walikuwa wamebeba hata mawe ya msingi. Si kwa ubaya, nao walikuwa wanajenga. Mama akazunguka kwenye majani akitafuta mlango ulipokuwa. Hakupata.

"Bon. Haya, tuma," Riziki akasema. Akakata simu. Ameumia. Mimi pia.

Jumapili, 15 Machi
Nimemwambia Neema baada ya ibada. Amelia hadi kwikwi. Amesema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mama mbaya. Nimesikia. Sikubadilisha uamuzi. Nikampakata, mkubwa vile, nikamsimulia nyumba ya babu yake. Sikuwahi kumsimulia.

Jioni tukakanda unga kidogo. Akalibonyeza jiwe kwenye ukuta wa mfano, akalitoa. Likaacha shimo. Akalifunga kwenye soksi yake mwenyewe. Donc, basi, kesho posta.

Jumamosi, 28 Machi
Riziki amepiga. Alimpa jiwe bwana mmoja anayetunza pale. Alidhani atafokewa. Bwana akamshukuru, akamwomba amwonyeshe lilipotoka, wakalirudisha pamoja. "Yaya, nimelia mbele ya mzungu wa watu. Aibu gani hii."

Mfano umerudi kutoka shule, umepasuka pembeni. Uko dirishani na shimo lake. Nilikuwa nachambua maharage, Neema akaja kukaa. Akauliza, kwa Kiswahili, mlango wa kwa babu ulikuwa wapi.

Nikapanga maharage mezani. Ukuta huu. Na huu. Jiko huku nyuma. Upande wa jua la asubuhi nikaacha mlango, nafasi ya vidole viwili.

Akaweka vyake hapo.