Glavu za Ua Nusu

Selbu, 14 Januari
Asubuhi kavu, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Hakuna upepo, moshi wa kwa Ragnfrid unapanda wima.

Mwanangu Sunniva,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Håvard wako, na kwamba mvua za Bergen hazijawaozesha. Mimi sijambo. Juma la Krismasi kichwa kiliniuma ghafla nikaanguka karibu na jiko, lakini nililala siku moja nikaamka mzima. Usianze kuhangaika.

Ndani ya kifurushi kuna glavu za kwanza za arusi, za mama mkwe wako. Bibi arusi wa kwetu haendi kanisani kabla ukoo wa mume haujavaa kazi ya mikono ya nyumbani kwao, unajua. Nimeweka ua la petali nane mgongoni mwa mkono, kama alivyofuma bibi yako.

Lingine libaki kati yetu. Ragnfrid amebadilika. Miaka thelathini ya ujirani anaingia kwangu bila kubisha hodi, wala sikujali. Sasa kila akitoka, kitu hakipo. Siagi. Kijiko. Nusu ya mkate wa viazi niliouacha mezani. Hata simu naisikia ikilia, nikienda ilipo haipo. Jana nikamwambia kama ana shida ya siagi aombe tu. Akanitazama, akauliza kama nimelewa asubuhi na mapema. Nimeanza kufunga mlango kwa ufunguo.

Mama yako


Bergen, 29 Januari

Mama mpendwa,

Sisi wazima, mvua kama ulivyosema. Kichwa kinaendeleaje? Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua niseme nini. Nilipozitoa glavu kwenye karatasi, moyo wangu ulishtuka kabla sijajua kwa nini. Ndipo nikaona. Petali za kulia zimekamilika, nyeusi juu ya nyeupe, safi. Upande wa kushoto hakuna kitu, weupe mtupu. Na glavu zote mbili hivyo hivyo, kushoto, wala si moja kushoto na nyingine kulia kama mtu aliyebuni mtindo.

Mama yake Håvard alizishika, akaziweka juu ya kabati. Baadaye akamwuliza mwanawe, "Kwao wananipa nusu kwa sababu gani?"

Wewe hujawahi kukosea hata mshono mmoja. Kwa hiyo nakuuliza, mama, na unijibu ukweli: umefanya makusudi? Kama humtaki Håvard, sema kwa mdomo, usiseme kwa uzi.

Mwanao


Selbu, 6 Februari
Theluji tangu alfajiri. Ndege hawaonekani.

Sunniva,

Nashukuru kusikia mko wazima. Mimi ni mzima pia, ila nimekasirika.

Mimi nimekuzaa, hukunizaa wewe. Ningekuwa simtaki Håvard ningemwambia usoni akiwa na kikombe changu cha kahawa mkononi. Glavu zile zilitoka hapa zikiwa kamili. Nilizitazama mara nne kabla ya kuzifunga. Kama zilifika nusu, basi kuna aliyezifumua, na aliyezipeleka posta, gari langu lilipokataa kuwaka kwa baridi, ni Ragnfrid. Sasa umeelewa kwa nini nafunga mlango.

Nakwambia na hili ingawa sipendi. Jozi ya pili imekwisha, iko mbele yangu. Naitazama, ua liko sawa, sioni kosa. Lakini moyo unaikataa. Nimebadilisha uzi, nimebadilisha taa, bado inaniudhi. Nyumba nzima iko hivyo siku hizi: nakaa nikihisi kuna kitu hakiko sawa, nikikitafuta sikipati. Mtu hawezi kuhisi hivyo bure. Kuna mtu anafanya kitu.

Jumapili nilimwambia asikanyage tena uwanja wangu, akirudi naita polisi. Alhamisi nitaendesha gari mjini kununua kitasa kipya.

Mama yako


Bergen, 9 Februari

Mama yangu,

Nimeituma hii kwa haraka ikuwahi. Tafadhali usiendeshe gari Alhamisi. Usiendeshe kabisa mpaka umalize kusoma.

Unajua kazi yangu chuoni ni kuwabandika watu nyaya za mashine ya ubongo kichwani. Tunawaonyesha vitone kwenye skrini, tunawauliza rangi tu: vyekundu au vya buluu? Hakuna anayewauliza habari ya umbo. Lakini vitone vikipangika pande mbili zikafanana, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, mistari ya mashine hubadilika. Ubongo umekwisha kuuona ulinganifu kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, na ukimwuliza atakuambia aliona rangi tu.

Niliisoma barua yako ofisini. Nikamwuliza daktari wetu: je, mtu anaweza kutazama kitu kilicho nusu, akaapa ni kizima, huku ndani anaudhika nacho? Akaacha kalamu. Akaniuliza kama mtu huyo aliwahi kuanguka hivi karibuni.

Mama, chukua ile jozi ya pili. Iweke mezani, itazame. Kisha igeuze, vidole vielekee kwako, uitazame tena. Halafu ufanye vivyo hivyo na sahani ukishakula.

Mwanao


Selbu, 20 Februari
Nyuzi nne chini ya sifuri, jua hafifu, matone yanaanguka kutoka paani.

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujambo. Mimi sitasema sijambo.

Niliigeuza. Ua likawa nusu, mbele ya macho yangu. Jambo la kwanza nililofanya ni kukimbilia dirishani kutafuta nyayo za Ragnfrid kwenye theluji. Hazikuwepo. Nikaigeuza tena, likawa zima. Tena, nusu. Nikageuza sahani, nikakuta viazi nilivyodhani nimevimaliza, vimepoa. Mwisho nikajigeuza mimi mwenyewe na kiti changu, na vyote vilikuwa pale: siagi, kijiko, simu. Mwizi hakuchukua hata chumvi.

Nilikwenda kwa miguu hadi kwa Ragnfrid nikasimama nje, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfukuza. Nikamweleza yote. Alisikiliza mikono iko kiunoni.

"Kwa hiyo nilikuwa mwizi wa upande mmoja," akasema. "Ningeiba, Torbjørg, ningechukua mkate wote. Vaa koti."

Alinipeleka Trondheim kwa gari lake. Mshipa wa upande wa kulia wa ubongo uliziba siku ile ya jiko, ndiyo sababu akili haioni vya kushoto ingawa macho ni mazima; daktari anasema upande huo huenda utarudi kidogo kidogo, huenda usirudi. Funguo za gari nimemkabidhi Ragnfrid. Glavu za mama mkwe wako nirudishie. Nafuma upya, na Ragnfrid anagonga meza kila nikifika kushoto. Mwambie mama yule kwamba haya ni maradhi, si dharau.

Sitakudanganya kwamba nimepona shuku. Kila asubuhi namshuku kwanza, kisha nageuza kichwa.

Mama yako

Nimeongeza asubuhi: Ragnfrid alilala kwangu, kwenye kitanda cha kushoto. Simwoni mpaka nigeuke, lakini anakoroma kama trekta. Nilimsikiliza hadi saa saba na robo usiku, ndipo nami nikalala.